Kiwavi Hafi Siku Ile Ile: Somo Kuhusu Homoni za Wadudu na Protini Zinazozibeba na Kuzipokea

Malalamiko ya namna moja si mageni kwa makatibu wa vyama vya msingi. Mwanachama hununua dawa ya viwavi katika ghala la chama, huipiga jioni katika shamba lake la mahindi, na kesho yake alfajiri huwakuta viwavi wangali hai. Hurejea kwa Katibu akidai kwamba ameuziwa maji. Kwa kukosa subira hununua dawa nyingine iliyo kali zaidi na kupiga mara ya pili. Msimu unapokwisha, gharama zake zimekuwa maradufu, mavuno ni yale yale, na imani yake kwa chama imepungua.

Yawezekana kwamba dawa ile ilikuwa mbovu. Lakini yawezekana vile vile kwamba ilikuwa nzima, na kwamba asubuhi ile mwanachama alipolalamika ilikuwa imekwisha kuanza kazi yake ndani ya mwili wa mdudu. Zipo dawa ambazo hazimwui mdudu kwa kushambulia mishipa yake ya fahamu, bali kwa kuvuruga ukuaji wake. Anayeuza dawa hizo bila kuelewa jinsi mdudu anavyokua hawezi kumshauri mnunuzi; naye anayezitumia bila kuelewa hupoteza fedha yake.

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili mkutanoni, wanachama waweze:

(a) kueleza kwa nini mdudu hana budi kujivua gamba;
(b) kutaja homoni mbili kuu zinazoongoza ukuaji wa mdudu, na kazi ya protini zinazozibeba na kuzipokea;
(c) kuchagua siku ifaayo ya kupiga dawa za aina hii, na kutambua mahali zisipofaa.

1. MDUDU HUISHI NDANI YA GAMBA

Mifupa ya ng'ombe iko ndani ya nyama, nayo hukua pamoja naye. Mdudu hana mifupa ya namna hiyo. Kinachomshikilia ni gamba lililo nje ya mwili wake. Gamba hilo humkinga asikauke kwa jua, lakini haliwezi kutanuka kupita kiasi. Mdudu anayekula na kunenepa hufika mahali ambapo vazi limembana. Hapo hana budi kutengeneza gamba jipya lililo laini chini ya lile la zamani, kisha kulipasua la zamani na kutoka. Huko ndiko kujivua gamba.

Wakati wa kujivua gamba ni wakati wa hatari. Mdudu huacha kula, na gamba lake jipya bado halijakaza. Kazi hiyo ikianza kabla ya wakati wake, au ikikwama katikati, mdudu hufa.

Mfano ulio karibu ni viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika na ambao waligunduliwa barani Afrika mwaka 2016. Yai likianguliwa, kiwavi hupita hatua sita, akijivua gamba kati ya hatua moja na nyingine. Katika nchi zenye joto hatua hizo huchukua kama majuma mawili. Sehemu kubwa ya majani anayoyala maishani mwake huyala katika hatua ya mwisho. Kisha hushuka udongoni na kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia pasipo kula, na hatimaye hutoka akiwa nondo.

Nzige hana pupa. Tunutu hujivua gamba mara kadhaa, na mara ya mwisho hutoka akiwa na mabawa kamili. Hata hivyo, amri zinazomwongoza tunutu ni zile zile zinazomwongoza kiwavi.

2. AMRI YA KUKUA HUTOKA WAPI?

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mdudu hana homoni. Aliyeonyesha kinyume chake ni Stefan Kopeć wa Poland, katika kazi alizozichapisha mwaka 1917 na 1922. Alichukua viwavi wa nondo na kuwafunga uzi katikati ya mwili, damu isiweze kupita. Alipowafunga mapema katika hatua ya mwisho, sehemu ya mbele iligeuka pupa na ile ya nyuma ikabaki kiwavi. Alipowafunga kwa kuchelewa, pande zote mbili ziligeuka. Alipouondoa ubongo mapema, kiwavi hakugeuka kabisa. Kopeć alikata shauri kwamba ubongo hutoa kitu fulani kinachosafiri katika damu, na kwamba baada ya siku fulani kitu hicho kimekwisha kufika.

Katika miaka ya 1930 V. B. Wigglesworth wa Uingereza aliliendeleza jambo hilo kwa kumchunguza mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kusini aitwaye Rhodnius. Alimkata kichwa mara tu baada ya kushiba damu. Mdudu akaendelea kuishi muda mrefu bila kujivua gamba. Alipongoja siku kadhaa ndipo akate kichwa, mdudu alijivua gamba ajapokuwa hana kichwa. Hapo ilithibitika tena kwamba amri ina siku yake. Ikiisha kutolewa, hairudi.

Miongoni mwa wanafunzi wa Wigglesworth katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwamo Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyechunguza tezi za homoni za nzige wa jangwani. Mwaka 1970 Odhiambo ndiye aliyeanzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, mjini Nairobi. Elimu hii basi si ya ng'ambo peke yake. Mwafrika wa Mashariki alishiriki kuijenga.

3. HOMONI MBILI

Ubongo wa mdudu ukipata habari kwamba mwili umeshiba na kukua vya kutosha, hupeleka ujumbe kwa tezi zilizo kifuani. Tezi hizo hutoa homoni iitwayo ekidisoni. Kazi ya ekidisoni ni kusema: "Jivue gamba." Adolf Butenandt na Peter Karlson wa Ujerumani waliipata homoni hiyo ikiwa safi mwaka 1954. Walitumia pupa wa nondo wa hariri wenye uzito wa kilo 500, sawa na magunia matano ya kilo 100, nao wakapata miligramu 25 tu, yaani karibu na uzito wa punje moja ya mchele. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba kiasi kidogo mno cha homoni hutosha kuamuru mwili mzima.

Nyuma ya ubongo zipo tezi nyingine mbili ndogo. Hizo hutoa homoni ya utoto. Homoni hii haimwamuru mdudu kujivua gamba. Humwambia atoke na umbo gani. Ikiwa nyingi katika damu wakati ekidisoni inapokuja, kiwavi hujivua gamba na kutoka akiwa kiwavi mkubwa zaidi. Ikipungua sana katika hatua ya mwisho, hugeuka pupa. Isipokuwapo wakati wa pupa, hutoka mdudu mzima mwenye mabawa.

Yafaa kukumbuka kwa ufupi: ekidisoni husema "sasa", homoni ya utoto husema "bado".

Nguvu ya neno hilo "bado" ilionekana kwa njia isiyotazamiwa. Karel Sláma alikwenda Marekani kutoka Prague kufanya kazi na Carroll Williams katika Chuo Kikuu cha Harvard, akachukua wadudu wake wa maabara. Huko Prague wadudu hao walikuwa wakikua vema, lakini Harvard walikataa kukomaa. Walijivua gamba mara moja zaidi ya desturi, wakawa watoto wakubwa kupita kiasi, kisha wakafa bila kuzaa. Baada ya kuchunguza kila kitu, mwaka 1965 ilitangazwa kwamba sababu ni karatasi iliyotandikwa vyomboni. Karatasi ya Marekani ilitengenezwa kwa mti wa jamii ya misonobari wenye kemikali inayofanana na homoni ya utoto ya wadudu wale. Karatasi ya Ulaya haikuwa nayo. Mti ulikuwa umejifunza kumdanganya mdudu kabla ya mwanadamu.

4. WACHUKUZI NA WAPOKEZI

Homoni peke yake haifanyi kitu. Hapa mfano wa ushirika utasaidia. Waraka wa Chama Kikuu hauendi wenyewe hadi chama cha msingi. Huwekwa katika bahasha usilowe, huchukuliwa na tarishi, na hupokewa na Katibu, ambaye ndiye mwenye madaraka ya kuufungua na kuutekeleza. Tarishi akikosekana, waraka hupotea njiani. Katibu akikosekana, waraka hufika lakini hakuna kinachotendeka. Ndani ya mwili wa mdudu kazi hizo hufanywa na protini za aina mbili.

Protini chukuzi. Homoni ya utoto ni kitu cha asili ya mafuta, nayo damu ya mdudu ni ya majimaji. Tena katika damu hiyo vimo vimeng'enya vinavyoikata homoni na kuiharibu. Katika jamii ya nondo na vipepeo, karibu homoni yote ya utoto iliyo katika damu husafiri ikiwa imeshikwa na protini maalumu. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walieleza umbo la protini hiyo katika kiwavi wa hariri: ina kifuko ndani yake, na homoni ikiisha kuingia, kifuniko hufunga. Hivyo homoni hulindwa mpaka ifike. Katika hatua ya mwisho ya kiwavi tezi hupunguza kutoa homoni, na vimeng'enya vya kuiharibu huongezeka. Ndivyo mwili unavyofuta neno "bado".

Protini pokezi. Hizi zimo ndani ya seli. Kila moja ina nafasi yenye umbo la homoni yake, kama kitasa kilivyo na umbo la ufunguo wake. Homoni ikiingia, protini pokezi hushika sehemu fulani za chembe za urithi na kuziamsha, na kazi ya kutengeneza gamba jipya huanza. Kipokezi cha ekidisoni kilitambuliwa mwaka 1991 kwa nzi mdogo wa matunda, na mwaka 1993 ilionekana kwamba hakifanyi kazi peke yake, bali huungana na protini nyingine, kama sanduku la fedha la chama lenye funguo mbili.

Kipokezi cha homoni ya utoto kilichukua muda mrefu zaidi kupatikana, na njia iliyokifichua ni funzo kwa kila mtumiaji wa dawa. Mwaka 1986 Thomas Wilson na mwenziwe walieleza habari za nzi wa matunda walioweza kustahimili methopreni, yaani dawa inayoiga homoni ya utoto. Nzi hao walikuwa na kasoro katika protini moja. Mwaka 2007 watafiti wa Jamhuri ya Cheki waliizuia protini hiyo hiyo katika mbawakavu mwekundu wa unga, mdudu ajulikanaye sana maghalani. Watoto wake wakageuka pupa kabla ya wakati, kama kwamba hawakusikia tena neno "bado". Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba protini hiyo hakika huishika homoni ya utoto. Maana yake ni hii: kitasa kikibadilika, ufunguo haufungui. Mdudu anaweza kuwa sugu hata kwa dawa inayofanana na homoni yake mwenyewe.

5. UFUNGUO WA BANDIA

Dawa za kuvuruga homoni zinazouzwa ni za makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza huiga homoni ya utoto. Humo mna methopreni na piriproksifeni. Hizi hudumisha utoto: mdudu hawezi kukomaa wala kuzaa. Hutumiwa dhidi ya viluwiluwi wa mbu majini, na dhidi ya baadhi ya wadudu wa nafaka. Lakini hazimwui mdudu aliyekwisha kukomaa. Aidha, hazimzuii kiwavi kula. Huenda hata akaendelea kula kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo hazifai kumkabili kiwavi anayekula majani shambani. Ghalani nazo zina mipaka. Methopreni haimfai fukusi, ambaye mtoto wake hukulia ndani ya punje. Wala ghala lililokwisha kujaa dumuzi wazima haliokolewi na dawa ya namna hii, maana wazima wenyewe hutoboa nafaka. Hapo kinachotakiwa ni nafaka iliyokauka vema, ghala safi, na mifuko isiyopitisha hewa au dawa nyingine iliyoidhinishwa.

Kundi la pili huiga ekidisoni. Habari zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1988, na kutokana nazo zilipatikana tebufenozaidi na methoksifenozaidi. Kiwavi akila jani lenye dawa hiyo, kitasa chake hufunguliwa kabla ya wakati. Kwa muda wa siku moja hivi huacha kula. Huanza kujivua gamba wakati gamba jipya halijawa tayari, na kwa kuwa dawa haiondoki upesi kama homoni yenyewe, kazi haikamiliki. Hubaki hai kwa siku kadhaa, amekwama ndani ya magamba mawili, kisha hufa.

Huyu ndiye kiwavi ambaye mwanachama alimkuta alfajiri. Alikuwa hai, lakini alikuwa amekwisha kuacha kula. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuokoka. Mkulima alikuwa akitazama mdudu badala ya kutazama jani.

Kwa nini dawa za kundi hili huua viwavi lakini haziwadhuru sana nyuki na wadudu wengine wengi? Sababu ni kitasa. Kipokezi cha ekidisoni cha jamii ya nondo kina nafasi inayoishika dawa hizo kwa nguvu, na cha jamii nyingine nyingi huishika kidogo tu. Binadamu na mifugo hawajivui gamba wala hawana kipokezi hicho. Hata hivyo hiyo si ruhusa ya kuzichezea. Kamba na kaa nao hujivua gamba kwa amri ya ekidisoni, na viwavi wa hariri ni jamii moja na viwavi waharibifu. Bomba lisioshwe mtoni, na dawa isipeperushwe kwenye miforosadi ya wafuga hariri.

6. MWAROBAINI NA MIMEA MINGINE

Mti wa mwarobaini, unaojulikana sana pwani na bara, una kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo hupatikana kwa wingi katika kiini cha mbegu kuliko katika majani. Mjerumani Heinrich Schmutterer alianza kuuchunguza baada ya kuona nchini Sudan, mwaka 1959, nzige wakila mimea yote na kuuacha mwarobaini. Azadiraktini huwafanya wadudu wengi wasipende kula, na tena huzuia ekidisoni isitolewe kwa kiasi na kwa wakati wake. Haibandii ufunguo, humzuia tarishi asiondoke.

Mmea mwingine wa Afrika ya Mashariki, Ajuga remota, unaotumiwa kama dawa ya kienyeji, ulichunguzwa na watafiti waliotoa matokeo mwaka 1981. Funza wekundu wa pamba waliolishwa kemikali zake walitengeneza kichwa kipya bila kulivua gamba la kichwa cha zamani. Midomo yao ikafunikwa, nao wakafa kwa njaa.

Mkulima anayetaka kutumia mwarobaini huweza kutwanga nusu kilo ya viini vya mbegu kavu zisizo na ukungu, kuviloweka katika lita 10 za maji usiku kucha, kuchuja, na kupiga jioni. Jua huiharibu azadiraktini upesi. Kwa hiyo kupiga adhuhuri ni kupoteza kazi. Matokeo yake nayo hayaonekani kwa siku moja. Mbegu na mafuta yake viwekwe mbali na watoto, kwani mafuta hayo yakinywewa ni hatari.

7. KAZI YA KATIBU NA MWANACHAMA

Kutokana na maelezo haya, yafuatayo hayana budi kuzingatiwa:

(i) Kabla ya kuuza, Katibu asome kibandiko na kutambua dawa ni ya aina gani: ya mishipa ya fahamu, au ya ukuaji. Ajihakikishie pia kwamba imesajiliwa nchini na muda wake haujapita. Asipofahamu, amwulize Bwana Shamba.

(ii) Anapouza dawa ya ukuaji amwambie mnunuzi waziwazi: "Usihesabu maiti kesho. Tazama kama jani jipya limeliwa. Kisha hesabu viwavi baada ya siku chache."

(iii) Mwanachama akague shamba angalau mara mbili kwa juma tangu mahindi yanapoota. Dawa ipigwe viwavi wangali wadogo. Kiwavi mkubwa aliyejificha ndani ya moyo wa hindi hafikiwi na dawa kwa urahisi. Tena amekwisha kufanya uharibifu, na yu karibu kushuka udongoni. Pupa halili, na kwa hiyo halili dawa. Nondo naye si wa kupigwa dawa hizi.

(iv) Dawa hizi sharti ziliwe. Jani lisilofikiwa na dawa halina kinga. Majani mapya yanayochipua baada ya kupiga hayana dawa, ukaguzi uendelee.

(v) Dawa ya kundi moja isitumiwe msimu baada ya msimu. Kamati ya chama ipange zamu ya makundi, ili wadudu wachache wenye vitasa tofauti wasibaki na kuzaana peke yao.

(vi) Malalamiko yaandikwe katika daftari: tarehe ya kupiga, jina la dawa na namba ya toleo, ukubwa wa viwavi, na hali ya majani siku ya tano. Ikiwa majani mapya yanaendelea kuliwa siku hiyo, na kazi ilifanywa sawasawa, basi mwanachama ana haki, na chama kidai kwa muuzaji kikiwa na ushahidi mkononi.

Daftari hilo lina faida mbili. Humlinda mwanachama dhidi ya dawa mbovu, na hukilinda chama dhidi ya lawama isiyo ya haki. Chama kinachojua siku ambayo kiwavi hupewa amri ya kujivua gamba kitajua pia siku ya kupiga dawa na siku ya kungoja.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini kiwavi hawezi kukua bila kujivua gamba?
2. Eleza tofauti kati ya kazi ya ekidisoni na kazi ya homoni ya utoto.
3. Tarishi na Katibu katika mfano wa somo hili ni protini zipi? Ni nini kitatokea ikiwa mmojawapo hayupo?
4. Mwanachama anataka dawa inayoiga homoni ya utoto ili kuokoa ghala lililojaa dumuzi wazima. Katibu amjibu nini?
5. Chama chenu kiliuza dawa zipi za viwavi msimu uliopita? Zipangeni kwa makundi, na mkubaliane zamu ya msimu ujao.